Ubongo Ukiyumba Baada ya Uloto Mpya: Anza na Kalenda

Mgonjwa aliyepandikizwa uloto wa mtu mwingine akianza kuongea yasiyoeleweka, kutetemeka, kuona giza au kuanguka degedege, kila mtu chumbani huuliza ana nini. Swali linalosaidia zaidi kwa wakati huo ni jingine: leo ni siku ya ngapi? Vituo vya upandikizaji huiita siku ambayo chembe za mchangiaji ziliingizwa mshipani siku sifuri, na yote yanayofuata huhesabiwa kutoka hapo. Tatizo la ubongo linalozuka siku ya 12 na lile linalozuka siku ya 300 yanaweza kufanana kabisa kwa dalili, na bado yasiwe na chanzo kimoja wala tiba moja.

Jambo hili limeshafika kwetu. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa waliorudishiwa chembe zao wenyewe, na tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu. Wengine wengi, wa selimundu na wa saratani ya damu, huenda India na kurudi na begi la dawa na ripoti nene. Wakishafika nyumbani, anayeyaona mabadiliko ya kwanza si bingwa wa mishipa ya fahamu. Ni mama, ni nesi wa zamu ya usiku, ni daktari wa hospitali ya mkoa ambaye huenda hajawahi kumhudumia mgonjwa wa aina hii. Hao ndio ninaowaandikia.

Kalenda ina vipande vitatu, ingawa mipaka yake hupishana. Kipande cha kwanza huanza na dawa za kuuandaa mwili na kuishia uloto mpya unaposhika, karibu siku ya 30. Hapa washukiwa wakuu ni dawa zenyewe, damu kuvujia ndani ya fuvu kwa sababu chembe sahani zimekwisha, maambukizi ya bakteria na fangasi, na ini au figo kushindwa kazi. Busulfani huleta degedege siku zile zile za dozi, ndiyo maana mgonjwa hutangulizwa dawa ya kuzuia kifafa. Sitarabini ya dozi kubwa hugusa ubongo wa nyuma: ulimi unakuwa mzito, miguu inakosa mwelekeo. Fludarabini hukawia. Madhara yake kwa ubongo ni adimu lakini mabaya, na yanaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho, mara nyingi yakianzia kwenye kuona.

Kipande cha pili hufika siku ya 100. Uloto umeshika lakini kinga bado ni changa na dawa za kuishusha zinaendelea, kwa hiyo virusi na vimelea vilivyokuwa vimelala mwilini huamka. Kipande cha tatu ni baada ya siku ya 100, ambapo kinga ya mchangiaji inaweza kuushambulia mwili wa mpokeaji, misuli na neva zikiwemo. Kwa aliyekuwa na saratani ya damu, ugonjwa wa awali nao unaweza kurudi kupitia ubongo.

Ukishaijua siku, fungua begi la dawa. Orodha iliyo kwenye ripoti haitoshi. Mwaga vidonge mezani, soma kila pakiti, andika dozi na saa. Ukimuuliza mzazi kama mtoto anakunywa dawa vizuri, atasema ndiyo, na huenda ni kweli. Uliza hivi: "Mama, tangu mrudi kuna dawa yoyote mliyonunua duka la dawa, hata ya kikohozi?" Hapo ndipo erithromaisini hujitokeza. Dawa hiyo, pamoja na klarithromaisini, flukonazoli, vorikonazoli na hata juisi ya balungi, hupandisha kwenye damu kiwango cha siklosporini na takrolimasi, zile dawa za kushusha kinga, na kiwango kikipanda, ubongo ni miongoni mwa viungo vya kwanza kulalamika: mikono inatetemeka, kichwa kinauma, presha inapanda. Rifampisini hufanya kinyume. Mgonjwa akianzishiwa dawa za kifua kikuu bila kituo kujulishwa, kiwango kinaporomoka na uloto mgeni unapata upenyo wa kushambulia.

Katika begi hilo hilo tafuta tramadoli, ambayo huukaribisha ubongo kwenye degedege. Tafuta sefepimu na asiklovia ikiwa figo zimechoka, kwa kuwa hujikusanya na kumfanya mtu achanganyikiwe na kushtukashtuka. Vorikonazoli huweza kumfanya mgonjwa aone rangi na watu wasiokuwepo. Familia zimewahi kuhangaika na mapepo kwa jambo ambalo kupima kiwango cha dawa kungelieleza. Foskaneti hushusha kalsiamu na magnesiamu. Prednisoloni ya dozi kubwa humnyima mtu usingizi na kumbadilisha tabia.

Damu ya kupima kiwango cha siklosporini au takrolimasi hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Akishameza, namba itakayotoka itakuwa kubwa na itapotosha. Andika kwenye fomu saa aliyokunywa dozi ya mwisho na saa uliyotoa damu. Bila saa hizo mbili kipimo ni nusu ya kipimo.

Saa ya kwanza haihitaji mashine kubwa. Pima sukari, oksijeni, joto na presha. Toa damu ya sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, figo, ini, picha kamili ya damu na damu ya kuotesha bakteria. Maabara zetu nyingi huacha magnesiamu mpaka uiombe kwa jina, na dawa hizi za kushusha kinga huifuja kupitia figo. Kiwango cha kawaida ni kati ya 0.7 na 1.0 kwa vipimo vya milimoli kwa lita. Ikiwa chini sana huleta mitetemeko na degedege peke yake, na ikiandamana na siklosporini mambo huharibika haraka zaidi.

Malaria ipimwe, bila mjadala. Inaweza kuwa imetoka kwa mbu, kwenye damu aliyoongezewa au kwa mchangiaji mwenyewe, na kinga aliyokuwa ameijenga tangu utotoni sasa haitegemeki. Ila kipimo cha haraka kikionyesha mistari miwili, usifunge faili. Kipimo hicho huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Soma slaidi, hesabu vimelea, na uendelee kutafuta. Hata vimelea vikionekana, mgonjwa wa uloto ana uwezo wa kuwa na vitu viwili kwa wakati mmoja, na kosa ninaloliona linarudiwa zaidi kuliko yote katika eneo hili ni kuridhika na jibu la kwanza.

Mtihani wa akili pale kitandani hudharauliwa, nami naona ndio wenye faida kuliko gharama yake. Usimuulize mgonjwa kama amechanganyikiwa. Mpe maneno matatu, kwa mfano embe, kiti na mvua, aseme baada yako, kisha mshughulishe na mambo mengine kwa dakika tano na umuulize tena. Mwambie ataje siku za juma kinyumenyume. Mpe kalamu aandike jina lake na tarehe, karatasi ibaki kwenye faili, na kesho aandike tena chini yake. Mwandiko hueleza mtetemeko vizuri kuliko neno "anatetemeka" lililoandikwa na nesi wa zamu. Kwa mtoto asiyejua kusoma, muulize mama: jana alimwita dada yake kwa jina? Alikula kwa mkono upi?

Mgonjwa aliyenyamaza ghafla, macho wazi, kope au kona ya mdomo ikichezacheza, anaweza kuwa ndani ya kifafa kisichotikisa mwili. Wengi wa namna hii huandikiwa "amechoka" au "ana huzuni". Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, ndicho kinachotoa jibu, na hapa picha ya kichwa haiwezi kuchukua nafasi yake.

Sasa kuna hali moja ninayotaka tukae nayo, kwa sababu inawahusu sana wagonjwa wetu wa selimundu. Kwa kifupi huitwa PRES. Mishipa midogo ya damu kwenye ubongo, hasa wa nyuma, hushindwa kuhimili presha au sumu ya dawa, maji yanavuja na ubongo unavimba. Mgonjwa huumwa kichwa, huona ukungu au haoni kabisa, huchanganyikiwa, kisha huanguka degedege. Kwa kawaida hutokea ndani ya siku 100 za kwanza, akiwa kwenye siklosporini au takrolimasi, mara nyingi pamoja na prednisoloni. Watoto wa selimundu wamo katika hatari kubwa zaidi kwa sababu mishipa ya ubongo wao huenda ilishaumizwa na ugonjwa hata kabla ya kupandikizwa. Ndiyo maana vituo huwadhibiti presha kwa ukali, huwapa dawa ya kuzuia kifafa, huwaongezea magnesiamu, na hutaka chembe sahani zao zisishuke chini ya 50,000 kwa maikrolita, wakati mgonjwa mwingine huachwa ashuke zaidi ya hapo.

Mitego yake ni miwili. Presha ya mtoto husomwa kwa macho ya mtu mzima: 130 kwa 85 inaonekana ya kawaida kwa baba yake, lakini kwa mtoto wa miaka saba ambaye wiki iliyopita alikuwa na 95 kwa 60, hiyo ni presha ya hatari. Linganisha na namba zake mwenyewe, ambazo zimo kwenye ripoti ya kituo. Mtego wa pili ni kiwango cha dawa. PRES hutokea hata pale kiwango cha siklosporini kiko ndani ya mipaka inayokubalika, kwa hiyo jibu la maabara lisemalo "kawaida" halimwondoi mshukiwa huyu.

Hilo hutuleta kwenye picha. CT ya kichwa ni ya haraka na inaonyesha damu vizuri. Mgonjwa mwenye chembe sahani 15,000 na maumivu makali ya kichwa aipate mara moja, hata saa nane za usiku, maana damu kati ya fuvu na ubongo haisubiri asubuhi. Lakini CT safi haimalizi kesi. PRES ya mapema, uvimbe wa ubongo unaotokana na virusi na vidonda vidogo vya toksoplazma vinaweza kupita bila kuonekana. MRI ndiyo inayoviona, na kwa PRES huonyesha weupe wa uvimbe sehemu za nyuma za pande zote mbili. Kama MRI iko mkoa mwingine, usimsafirishe mtu anayeendelea kutikisika au mwenye presha isiyodhibitiwa. Tuliza kwanza.

Angalia pia damu yenyewe kwa hadubini. Chembe nyekundu zilizovunjika vipandevipande, chembe sahani zinazoshuka bila sababu, LDH iliyopanda na presha iliyopanda kwa pamoja huashiria kuganda kwa damu ndani ya mishipa midogo, jambo ambalo dawa zile zile za kushusha kinga huweza kulisababisha. Slaidi hiyo haina gharama kubwa, na fundi sanifu maabara mwenye jicho zuri anaisoma kwa dakika chache.

Kati ya wiki ya pili na ya sita kuna mgeni mwingine ambaye huonekana kidogo sana kwenye vitabu vyetu: kirusi cha HHV-6. Karibu kila mtu hukipata utotoni na kukisahau. Kinga ikianguka kinaamka na kupenda sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Dalili yake ina sura ya pekee: mgonjwa anaongea vizuri, anakutambua, lakini anauliza swali lile lile mara nne ndani ya robo saa. Yale maneno matatu ya embe, kiti na mvua yanayeyuka yote. Sodiamu hushuka bila maelezo, kisha degedege. MRI ya siku za mwanzo huweza kuwa safi; baadaye huonyesha mabadiliko kwenye sehemu za ndani za ubongo wa pembeni, usawa wa masikio. Kuthibitisha ni kwa PCR ya maji ya uti wa mgongo, na hii lazima uiombe kwa jina, kwani kifurushi cha kawaida cha homa ya uti wa mgongo si lazima kiwe nayo. Asiklovia, ambayo mgonjwa huwa tayari anaimeza, haimlindi na kirusi hiki. Tiba ni foskaneti au gansiklovia, na uamuzi wa kuianza hufanywa na kituo. Kuna pia watu wachache, karibu mmoja kati ya 100, waliozaliwa na kirusi hiki ndani ya kromosomu zao. Kwao, au kwa aliyepokea chembe za mchangiaji wa namna hiyo, PCR ya damu huwa juu daima bila ugonjwa wowote, na mtaalamu wa maabara apaswa kuambiwa alifikirie hilo.

Vidonda vinavyoonekana kama vinundu kwenye ubongo vina orodha fupi. Toksoplazma huamka zaidi ndani ya miezi sita ya kwanza, hasa kwa mgonjwa ambaye damu yake ilionyesha kinga dhidi yake kabla ya kupandikizwa na ambaye kwa sababu fulani hatumii kotrimoksazoli. Tafuta jibu la kipimo hicho cha kabla kwenye ripoti, kwa sababu kinga aliyonayo leo haiaminiki kueleza historia yake. Usitarajie ile pete nzuri ya kwenye picha tuliyoizoea kwa wagonjwa wa UKIMWI. Kinga ikiwa dhaifu sana pete haijitokezi. Fangasi wa aspajilasi hutoka mapafuni kwenda kichwani, hivyo kila mwenye kinundu cha ubongo apigwe CT ya kifua siku hiyo hiyo, na kama kipo, kipimo cha galaktomanani kwenye damu. Kifua kikuu hakihitaji utambulisho kwetu. Uvimbe unaosukumwa na kirusi cha EBV huja pia, na PCR ya damu yake husaidia kuutilia shaka.

Kutoa maji ya uti wa mgongo kunahitaji maandalizi. Vituo vingi hutaka chembe sahani zifike karibu 50,000 kwanza, kwa hiyo agiza chembe sahani kabla ya sindano, na uwe umeona picha ya kichwa kama kuna kinundu au dalili za upande mmoja. Pima presha ya maji. Peleka ya kuhesabu chembe, protini, sukari, kuotesha, GeneXpert, antijeni ya kriptokoka na PCR za virusi. Kwa aliyekuwa na saratani ya damu, omba pia chembe ziangaliwe kama ni za saratani. Bomba moja la ziada ligandishwe kwenye friza, kwa sababu kituo kitauliza kitu ambacho hukukifikiria. Zingatia kwamba mgonjwa asiye na chembe nyeupe kwenye damu hana za kupeleka kwenye uti wa mgongo: maji safi kama ya chemchemi hayakatai maambukizi.

Mgonjwa ambaye amekuwa akitapika au hajala kwa wiki nyingi, macho yanachezacheza, anayumba na amechanganyikiwa, apewe vitamini B1 ya mshipa kabla ya glukosi. Usisubiri kipimo. Ni dawa ya bei ndogo na madhara yake ni machache, wakati kuichelewesha kunaweza kumwachia ulemavu wa kumbukumbu wa kudumu.

Baada ya siku ya 100 malalamiko hubadilika, na mara nyingi ni udhaifu. Mketishe kwenye kigoda kifupi, akunje mikono kifuani, ainuke. Asipoweza, misuli ya mapaja na nyonga ina tatizo, na washukiwa ni wawili. Prednisoloni ya muda mrefu hula misuli kimyakimya: hakuna maumivu, na kimeng'enya cha misuli, CK, ni cha kawaida. Kinga ya mchangiaji ikishambulia misuli, mara nyingi wakati dozi za kushusha kinga zinapopunguzwa, misuli huuma na CK hupanda. Tiba zao zinapingana: mmoja hutaka prednisoloni ipunguzwe, mwingine huihitaji. Kwa hiyo CK ipimwe kabla mtu hajagusa dozi.

Udhaifu unaoanzia miguuni kupanda juu, huku goti likigongwa mguu hauruki, ni wa neva zenyewe. Hapa mlinde mgonjwa pumzi: mwambie avute hewa na ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena. Mtu mzima akikwama kabla ya 15, atafutiwe kitanda cha uangalizi maalumu siku hiyo. Kope zinazoshuka jioni, kuona vitu viwiliviwili na kutafuna kunakochosha huelekeza kwenye miasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka haraka. Muombe atazame dari kwa dakika moja uone kope zikianguka.

Je, kinga ya mchangiaji inaweza kuushambulia ubongo wenyewe? Wataalamu wengi wanakubali kwamba inaweza, kwa kuvimbisha mishipa ya damu au kuvua utando wa neva, lakini hakuna kipimo kimoja kinachoithibitisha. Kwa hiyo huwekwa mwisho wa orodha, mgonjwa akiwa na dalili za shambulizi hilo sehemu nyingine kama ngozi, mdomo au macho, picha na maji ya uti wa mgongo vikiwa na kasoro, na maambukizi, dawa na kurudi kwa saratani vikiwa vimeshaondolewa. Anayeanza na utambuzi huu siku ya kwanza atampa mgonjwa wa toksoplazma dozi kubwa ya dawa za kushusha kinga.

Simu kwa kituo kilichompandikiza ipigwe mapema, hata kabla majibu hayajakamilika, na iwe na mambo haya mkononi: siku ya ngapi, ugonjwa uliompeleka kupandikizwa, mchangiaji ni nani na alilingana naye kiasi gani, dawa zote na saa za dozi, presha ya leo na ya mwezi uliopita, chembe sahani, sodiamu, magnesiamu, kreatini, na sentensi moja iliyonyooka inayoeleza mgonjwa alikuwaje jana na yukoje leo. Video fupi ya macho na mwendo wake, iliyopigwa kwa ridhaa ya familia, huokoa maelezo mengi. Siklosporini na takrolimasi zisiachwe kwa uamuzi wa hospitali ya mkoa peke yake, kwa sababu kuziacha ghafla hufungua mlango wa mashambulizi yanayoua pia. Kama simu haijapokelewa na saa ya dozi imefika, toa kwanza damu ya kupima kiwango, ihifadhi, kisha piga tena.